Mume wangu anataka tuufiche ugonjwa wa mtoto kwenye fomu ya bima ya Ujerumani

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, nina umri wa miaka 35 na watoto wawili. Mume wangu ni mtaalamu wa programu za kompyuta. Alipata kazi Ujerumani akatangulia peke yake, kwa makubaliano kwamba akishatulia atatuita. Sasa ametulia: amepata nyumba inayotosha familia, anaishi kwa kibali kinachoitwa Kadi ya Bluu, na mshahara wake umekuwa mkubwa kuliko tulivyotarajia. Ananihimiza niandike barua ya kuacha kazi ili mwaka wa shule wa huko utakapoanza watoto wawe wameshafika.

Kinachoninyima usingizi ni matibabu. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana miaka tisa na ana seli mundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Iligundulika kabla hajatimiza miaka miwili, baada ya vidole vyake vya mikono na miguu kuvimba mara kwa mara huku sisi tukidhani ni homa tu. Amelazwa hospitali ya mkoa ya Maweni, ameongezewa damu, na kuna wakati tulipewa rufaa ya kwenda hospitali ya kanda ya Bugando, Mwanza. Tangu alipoanzishiwa dawa ya haidroksiyurea maumivu yamepungua sana. Anasoma vizuri na anacheza mpira na wenzake, ingawa siku akizidisha mchezo, usiku nyumba nzima hatulali. Dawa hizo nazipata kwa kadi ya Bima ya Afya ya Taifa ninayokatwa kwenye mshahara, na zikikosekana dirishani nanunua duka la dawa.

Kadi hiyohiyo ndiyo inayomtibu mama yangu mzazi. Ana miaka 68, ana presha na kisukari, na baada ya baba kufariki nilimwandikisha kuwa mtegemezi wangu. Kaka yangu ni mtumishi wa serikali huko Tabora, lakini ana mke na watoto wanne, kwa hiyo kwenye kadi yake hakuna nafasi. Mama mwenyewe ananiambia niende nisimfikirie yeye, na maneno hayo ndiyo yanayonifanya nizidi kushindwa.

Hivi karibuni mume wangu alinipigia simu akaniambia amekutana na wakala wa kampuni binafsi ya bima. Wakala huyo amemweleza kwamba kwa mshahara wake anaruhusiwa kutoka kwenye bima ya umma, kwamba atalipa pungufu ya anacholipa sasa, na kwamba ataonana na madaktari bingwa bila kusubiri. Akanitumia fomu niisome. Ina maswali mengi juu ya afya ya kila mmoja wetu: magonjwa ya kudumu, kulazwa, dawa zinazotumika. Kwenye sehemu ya mwanetu mume wangu alikuwa ameshajaza „hapana” kuanzia juu hadi chini. Nilipomuuliza alisema nisiwe na wasiwasi, mtoto akishafika tutasema ugonjwa umegunduliwa hukohuko. Akaongeza kwamba faili lake la kliniki nisije nalo.

Sijamjibu mpaka leo, na wakala anataka fomu kabla ya mwisho wa mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo naona aibu kuliandika. Upande wa mume wangu ugonjwa huu hautajwi. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba katika ukoo wao hakuna sikoseli, kwa hiyo imetoka kwetu. Mume wangu alikuwapo, hakusema neno. Nilipoiona ile „hapana” niliukumbuka ukimya ule.

Walimu wenzangu wananishangaa. Wanasema Ulaya kuna kila kitu, mtoto mgonjwa namng'ang'aniza Kigoma kwa sababu gani? Pengine wana haki. Naomba unisaidie kufikiri: nikubali fomu iende ilivyo, kwa kuwa lengo ni mtoto atibiwe? Nikatae, nionekane simwamini mume wangu? Au nibaki hapa na watoto, angalau kwa sababu hapa najua nani ananitibia mtoto?

Mama wa Wawili, Ujiji

JIBU

Marahaba, mwalimu. Nimeipokea barua yako na nimeisoma kwa utulivu. Umeniuliza kama uende au ubaki, lakini mambo yaliyomo ni matatu, na kila moja lina mwendo wake: kuna fomu ya bima yenye tarehe, kuna kadi ya mama yako, ambayo itasimama siku mshahara wako utakaposimama, na kuna ukimya wa mume wako ulioanza kabla ya safari yoyote kutajwa. Yakichanganywa yote hayajibiki. Naomba tuanze na fomu, si kwa sababu ndiyo kubwa, bali kwa sababu ndiyo inayokukimbiza.

Ujerumani ina njia mbili za bima ya afya, na tofauti zake zinaigusa familia yako kuliko inavyomgusa kijana asiye na mke. Katika bima ya umma mchango hukatwa kwa kiwango cha mshahara: asilimia 14.6, pamoja na nyongeza ndogo inayotofautiana kati ya mfuko na mfuko, na mwajiri hulipa nusu. Mke asiye na kipato kikubwa chake mwenyewe, pamoja na watoto, huingizwa bila kulipiwa mchango wa ziada. Hakuna anayeulizwa ana ugonjwa gani, na ugonjwa haumzuii mtu wala haumwongezei mchango. Mtoto hadi afikishe miaka 18 halipi hata ile sehemu ya bei ya dawa ambayo mtu mzima hulipa dukani. Tena, mzazi aliye katika bima ya umma anapolazimika kuacha kazi ili auguze mtoto wa chini ya miaka 12 aliye katika bima hiyohiyo, hulipwa na mfuko sehemu ya mshahara wake. Mwaka 2024 na 2025 kikomo kilikuwa siku 15 kwa kila mtoto kwa kila mzazi. Kwa nyumba yenye mtoto wa seli mundu, siku hizo si jambo dogo.

Katika bima binafsi kila kichwa kina tiketi yake. Bei hupangwa kwa umri na afya ya kila anayeingia, kwa hiyo mume wako atalipiwa yake, wewe yako, na kila mtoto yake. Mwajiri huchangia, lakini kwa kikomo. Mfanyakazi wa kuajiriwa huruhusiwa kuhamia huko iwapo mshahara wake wa mwaka unavuka kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa yuro 73,800 na mwaka 2026 ni yuro 77,400. Kurudi ndiko kugumu: kwa kawaida ni hadi mshahara ushuke chini ya kiwango, na mtu akishapita miaka 55 mlango huo karibu unafungwa kabisa.

Sisemi haya ili nikufanye uione bima binafsi kuwa mbaya. Ni kweli kwamba kliniki nyingi za madaktari bingwa huko huwapa wateja wa bima binafsi nafasi ya mapema, na ni kweli kwamba kijana mwenye afya na mshahara mkubwa anaweza kulipa pungufu. Wakala hakumdanganya mume wako. Ninachojiuliza ni kama hesabu aliyoonyeshwa ilikuwa ya mtu mmoja au ya watu wanne, na kama ilikuwa ya watu wanne, ilikuwa ya mtoto yupi: yule aliye kwenye fomu au yule unayemlaza kila usiku. Inawezekana hata mume wako hajaiona hesabu ya pili.

Sasa nifike kwenye ile „hapana”. Sitakuandikia ile methali ya mficha maradhi, kwa sababu nina hakika umeshaisikia hadi imekuchosha, na pia kwa sababu shida hapa si ya methali, ni ya mkataba. Sheria ya bima ya Ujerumani inamtaka anayejaza fomu ajibu kwa ukweli yale aliyoulizwa. Kampuni ikigundua baadaye kwamba jambo lilifichwa kwa makusudi, inaweza kujitoa katika mkataba, na muda wa kufanya hivyo unafika miaka kumi. Mwanao atakuwa na miaka 19. Kwa muda wote huo kila anapolazwa mtakuwa na mashaka mawili, la ugonjwa na la barua kutoka kampuni. Na hoja kwamba ugonjwa „umegunduliwa huko” ni vigumu kusimama, kwa kuwa huu si ugonjwa wa kuupata ukiwa na miaka tisa, mtu huzaliwa nao, na daktari yeyote atakayeona mtoto amekwisha kuongezewa damu na anatumia haidroksiyurea atajua kwamba kuna hospitali ilimhudumia kabla yake.

Hapa tu nitasema bila kuzunguka, kwa sababu hili halihusu ndoa wala pesa. Faili la kliniki ni sehemu ya matibabu. Ndani yake kuna kiwango chake cha kawaida cha damu anapokuwa mzima, kipimo cha dawa kilichopandishwa taratibu hadi kikamfaa, chanjo alizopata, na kumbukumbu za damu aliyoongezewa, ambazo daktari huzihitaji kabla ya kumwongezea nyingine, kwani mwili wa mtoto aliyewahi kupokea damu unaweza kuikataa damu isiyolinganishwa kwa uangalifu. Bahati nzuri kumbukumbu za hospitali zetu huandikwa kwa Kiingereza, na madaktari wa hospitali kubwa za huko watazisoma. Vyovyote mtakavyoamua, mtoto asitenganishwe na faili lake.

Mnaweza kuuliza: je, tukisema kweli, tutakataliwa? Kampuni binafsi inaweza kumkataa mtoto katika vifurushi vyake vya kawaida au kumtoza zaidi. Tangu mwaka 2009, hata hivyo, kampuni hizo zinalazimika kuwa na kifurushi cha msingi kisichomkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa, chenye huduma zinazokaribiana na za bima ya umma. Kwa hiyo ukweli haumwachi mtoto bila bima. Unaweza tu kuufuta ule unafuu uliomvutia baba yake, na hapo ndipo itawabidi mpime upya kama kuna sababu ya kuhama.

Nihamie kwa walimu wenzako na ile kauli yao ya kila kitu. Wanakutakia mema, lakini naomba tuichunguze. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambazo watoto wengi sana huzaliwa na seli mundu, na wauguzi wetu wa wodi ya watoto wamekwisha kuyaona maumivu yale mara nyingi. Ujerumani ugonjwa huu ni wa nadra. Uchunguzi wake kwa watoto wote wachanga ulianza Oktoba 2021. Zipo hospitali za vyuo vikuu zenye mabingwa wa damu ya watoto wanaoujua vizuri sana, zenye vipimo na uangalizi ambao Kigoma hatuna, na hilo ni jambo la kulitamani. Lakini zipo mijini. Daktari wa watoto wa mtaani kwenu huenda hajawahi kumtibu mtoto wa seli mundu. Swali la kumuuliza mume wako basi si kama Ujerumani kuna matibabu, bali ni kwamba kutoka mlangoni kwake hadi kliniki ya damu ya watoto iliyo karibu ni mwendo gani, na kama amekwisha kuwapigia simu kuuliza wanapokeaje mgonjwa mpya.

Kuna na lugha. Kwa kuwa wewe ni mwenza wa mwenye Kadi ya Bluu, hutadaiwa cheti cha Kijerumani ili upate viza, na wengi hufurahia unafuu huo. Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa unafuu huo una gharama yake: utafika hospitali usiku ukiwa huna maneno ya kueleza maumivu yako wapi na yalianza lini, na kwa kawaida bima ya umma hailipii mkalimani. Hata usipodaiwa cheti, miezi ya kujifunza kabla ya kuondoka haitakuwa bure, wewe na mtoto mwenyewe, kwa sababu shuleni ndiye atakayesema naumwa. Baridi nayo unaijua, kwamba ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu. Nguo nzito na maji ya kutosha ni sehemu ya tiba.

Kubaki nako kusitazamwe kama kumnyima mtoto. Dawa anayotumia sasa ndiyo hiyohiyo atakayopewa huko. Rufaa ya Bugando umeshaipitia, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekwisha kuanza kuwapandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye seli mundu, ingawa tiba hiyo si ya kila mtoto na inahitaji mchangiaji anayelingana naye. Hatari ya kubaki iko kwingine: dawa zinazokosekana dirishani, umbali wa kufika hospitali ya kanda pindi hali inapobadilika ghafla, na watoto wanaokua wakimjua baba yao kwa simu. Ni hatari za kweli, na wewe unayeishi nazo unazijua uzito wake kuliko mimi.

Nije kwa mama yako, ambaye naona umemwandika kwa mistari michache kuliko uzito wake moyoni mwako. Mchango wa bima yako ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri. Barua ya kuacha kazi, kwa hiyo, ni barua ya kumwondoa mama kwenye kadi. Je, mume wako analijua hilo? Katika barua yako sikuona mahali ulipomwambia. Huenda anakuona unasitasita akadhani unaogopa Ulaya au humtaki, kumbe unapiga hesabu ya dawa za presha.

Kabla hujaandika barua hiyo, nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri ukaulize juu ya likizo bila malipo: kama unastahili, kwa muda gani, na mchango wa bima unakuwaje mshahara unapokuwa umesimama, kwa maana usidhani kadi itaendelea yenyewe. Kisha nenda ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapo mkoani ukiwa na kaka yako kwenye simu. Kadi yake imejaa leo, lakini watoto wake wana umri gani? Mkubwa akifikisha miaka 18 mambo yanaweza kubadilika. Na wifi yako, ameajiriwa? Kama naye ni mchangiaji, waulize kama watoto wanaweza kugawanywa kati ya kadi mbili ili mama apate nafasi. Waulize pia juu ya vifurushi vya mtu mmoja mmoja na utaratibu uliopo sasa chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Uko pia msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, unaoanzia ofisi ya mtaa, ila wewe na mimi tunajua kwamba kumwona daktari bure na kuondoka na dawa mkononi si jambo moja. Inawezekana mwishowe njia nyepesi ikawa kutenga kila mwezi sehemu ya mshahara wa Ujerumani kwa ajili ya dawa zake. Lakini hilo linapaswa kuwa kwenye bajeti ya nyumba tangu mwanzo, likijulikana, lisije likawa fadhila ya kuombwa kila mwisho wa mwezi.

Nimebakiza mume wako. Umeisoma „hapana” yake kama mwendelezo wa ukimya wake mbele ya mama yake, na inawezekana umeisoma sawasawa. Kitabibu jambo liko wazi: mtoto hupata seli mundu kwa kurithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, kwa hiyo hakuna upande mmoja ulioileta. Baba anaweza kulijua hilo kwa miaka na bado asiweze kulisema mbele ya mama yake. Lakini zipo na tafsiri nyingine. Mwanamume aliye peke yake ugenini, anayeona familia yake iko karibu kufika, anaweza kuogopa fomu kama wengine wanavyoogopa ubalozi, akidhani neno moja litafunga mlango wote. Huenda wakala alimdokeza. Huenda hajui kwamba katika bima aliyonayo sasa hakuna swali la ugonjwa kabisa, kwa hiyo anaficha kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakiuliza mpaka alipotaka kuhama. Mimi simjui, wewe unamjua. Ila hata wewe tangu alipokupigia hujamjibu, na kwa mbali ukimya wako anaweza kuusikia kama ridhaa.

Namna utakavyoanza itabadilisha mazungumzo. Ukianza na fomu, atasikia kwamba unamshuku. Ukianza na maneno ya mama mkwe, mtarudi kwenye jeraha la zamani na bima haitajadiliwa siku hiyo. Unaweza kuanza na mtoto: umwombe daktari wa kliniki aandike taarifa kamili ya hali yake kwa ajili ya kuhamisha matibabu, kisha muisome pamoja kwenye simu, mstari kwa mstari. Wanaume wengine husema mbele ya karatasi ya daktari yale wasiyoweza kusema mbele ya mke. Hatari yake ni kwamba anaweza kuona umemzunguka kwa kwenda kliniki kwanza. Unaweza pia kuanza na pesa, kwa kumwomba alete hesabu mbili, bima ya umma na bima binafsi, zote za watu wanne na zote zikiwa na majibu ya kweli. Hilo halimtuhumu, lakini linaweza kuliacha lile jambo la ukoo bila kuguswa, nalo litawafuata hadi Ujerumani. Sijui lipi litawafaa.

Na mkiamua kwenda, si lazima iwe kama alivyopanga. Anaweza kubaki katika bima ya umma angalau mpaka mmefika na mtoto amepokelewa kliniki. Mnaweza kusogeza safari hadi mwaka wa shule unaofuata, kwa gharama ya mwaka mwingine wa kutengana. Wapo wanaofikiria kwenda kwanza kwa matembezi ya miezi mitatu ili waone. Kwa familia yenu ningeliangalia hilo kwa makini, maana bima za wasafiri mara nyingi hazigharimii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla. Tahadhari hiyohiyo inahusu siku za kati ya kutua na kusajiliwa, na pia likizo za kurudi Kigoma, ambako bima ya umma ya Ujerumani haifiki na ambako mwanao atahitaji kinga ya malaria akiwa ametoka nje. Mzigoni awe na dawa za muda mrefu pamoja na barua ya daktari, na watoto wote wawili wawe na vyeti vya chanjo, kwa kuwa tangu Machi 2020 shule za huko hudai uthibitisho wa chanjo ya surua.

Tarehe ya mwisho wa mwezi, mwalimu, ni ya wakala. Mume wako ana bima leo na atakuwa nayo mwezi ujao, kwa sababu hata anayetaka kuhama kutoka bima ya umma hutoa notisi ya miezi miwili kamili, na aliyesaini mkataba mpya ana siku 14 za kuubatilisha. Kwa hiyo mnao muda wa kupigiana simu zaidi ya moja. Ya kwanza usiifanye usiku, watoto wakiwa wamelala na wewe umechoka. Ifanye siku ambayo hakuna anayewahi kazini, na mwambie na habari ya kadi ya mama.